Mlango kabla ya utepe: kutoka Disneyland hadi Nzilo

Kila kitu kikubwa kinachojengwa na watu kina siku mbili za kuzaliwa. Ya kwanza ni siku ya mlango: mtu wa kwanza anaingia, mashine ya kwanza inazunguka, maji yanaanza kupanda. Ya pili ni siku ya utepe: viti vimepangwa, gavana au waziri amefika, mkasi uko tayari, wapiga picha wamejipanga. Vitabu na mabamba ya ukutani huandika siku ya utepe. Lakini watu wanaoishi karibu huguswa na siku ya mlango, na mara nyingi hakuna aliyewaambia kwamba imefika.

Bwawa la Nzilo, kaskazini ya Kolwezi, ni mfano ambao kila mtu wa Lualaba anaufahamu. Wabelgiji waliliita Delcommune, kwa jina la Alexandre Delcommune aliyepita sehemu hizi na msafara wake mwanzoni mwa miaka ya 1890. Lilikamilika mwanzoni mwa miaka ya 1950, kwa sababu migodi ya Union Minière ilikuwa na njaa ya umeme. Mashine zake 4 ziliwekwa kutoa megawati 108. Miaka michache baadaye, chini zaidi kwenye mto huohuo wa Lualaba, likafuata bwawa kubwa zaidi la Le Marinel, ambalo leo linaitwa Nseke. Wakati wa Zaire majina ya wakoloni yaliondolewa, na jina la Nzilo likabaki.

Hayo ndiyo yanayopatikana kwa urahisi: mwaka, jina, megawati. Lakini hakuna bwawa linaloanza siku ya sherehe. Kwanza milango ya chini hufungwa. Mto unaokwenda unapunguza mwendo, unapanuka, unapanda kidogo kidogo juu ya nyasi na vijia. Halafu mashine moja hujaribiwa, kisha ya pili. Wakubwa wanapofika kukata utepe, ziwa limekwisha kuwa ziwa. Wahenga walisema: ukiona vyaelea, vimeundwa. Mwenye kuviona vikielea mara nyingi amechelewa kuuliza vilivyoundwa lini.

Kuna biashara moja duniani iliyoichukua tofauti hii kati ya mlango na utepe na kuifanya ufundi kamili. Ni biashara ya bustani kubwa za michezo, zile zenye treni zinazopanda na kushuka kwa kasi, majumba ya hadithi na mito ya kutengenezwa. Zinaonekana kuwa mbali sana na shaba na kobalti. Lakini historia yake inaonyesha wazi kabisa jambo ambalo familia nyingi za Lualaba zimelipitia bila kuwa na jina la kuliita: kufungua kimya kimya, kabla ya tarehe iliyotangazwa.

Lami iliyoshika viatu

Hadithi inaanzia Anaheim, California, tarehe 17 Julai 1955. Walt Disney alifungua bustani yake, Disneyland, mbele ya televisheni iliyokuwa ikionyesha sherehe hiyo moja kwa moja nchini Marekani kote. Siku hiyo ilikuwa ya waalikwa na waandishi wa habari tu. Lakini kadi za mwaliko ziligushiwa, na badala ya wageni waliotarajiwa waliingia watu karibu 28,000.

Jua lilikuwa kali, karibu digrii 38. Lami ya njia ilikuwa imemwagwa muda mfupi kabla, ikawa laini na kushika visigino vya viatu vya wanawake. Mafundi wa mabomba walikuwa wamegoma, na ilibidi kuchagua kati ya vyoo na mabomba ya maji ya kunywa. Vikachaguliwa vyoo, na watu wakakaa na kiu. Chakula kilikwisha. Mashine kadhaa zilikwama. Gesi ilivuja, na sehemu ya bustani ikafungwa. Yote hayo yalitokea siku ya utepe, mbele ya macho ya mamilioni ya watazamaji.

Waliolipa tiketi zao waliingia kesho yake, tarehe 18 Julai. Kwa miaka mingi kulikuwa na mabishano juu ya tarehe ipi ni siku halisi ya kuzaliwa kwa bustani: ile ya waalikwa au ile ya umma. Mwishowe kampuni iliishika tarehe 17. Hata mahali pa kucheza, tarehe inaweza kubadilika kulingana na nani anayeihesabu.

Somo la 1955 halikusahaulika. Kampuni hiyohiyo ilipofungua bustani ya pili huko Florida mwaka 1971, ilifanya kinyume. Walt alikuwa amekwisha kufa, na kaka yake Roy ndiye aliyeongoza kazi. Milango ilifunguliwa tarehe 1 Oktoba, siku ya Ijumaa, katika mwezi ambao watoto wako shuleni na watalii ni wachache. Siku hiyo walikuja watu 10,000 hivi. Wafanyakazi walipata nafasi ya kujifunza, na mashine zilipata nafasi ya kukwama na kutengenezwa bila aibu. Sherehe kubwa ya kuizindua ilifanywa tarehe 25 Oktoba. Kati ya mlango na utepe zilipita siku 24.

Tangu hapo njia hiyo ikawa desturi ya biashara nzima. Hong Kong Disneyland ilipangwa kufunguliwa rasmi tarehe 12 Septemba 2005. Siku 8 kabla, tarehe 4 Septemba, waliitwa watu 30,000 kwa siku ya mazoezi. Foleni zikawa ndefu mno, za mashine na za chakula, na watu wa mji wakaanza kuuliza kama bustani inaweza kweli kubeba idadi hiyo. Swali hilo liliulizwa kabla ya utepe, wakati bado lingeweza kujibiwa.

Huko Orlando, Florida, sehemu ya Harry Potter ilitangazwa kufunguliwa tarehe 18 Juni 2010. Kabla ya siku hiyo, wageni waliokuwa tayari ndani ya bustani walishtuka kuona kizuizi kimeondolewa na wao wanakaribishwa kupita. Hakukuwa na tangazo lolote. Baadaye kizuizi kilirudishwa. Aliyekuwepo saa hiyo aliona, na aliyechelewa alikuta pamefungwa.

Wanaojaribiwa ni nani?

Kwa nini wafungue bila kutangaza? Sababu ya kwanza ni mashine yenyewe. Treni ya kasi hujaribiwa kwanza ikiwa tupu, halafu ikiwa na masanamu ya plastiki yaliyojazwa maji ili yawe na uzito wa watu. Lakini sanamu haligeuki kumtazama mwenzake, haliangushi kofia, wala haliogopi. Mwishowe lazima wapande watu. Sababu ya pili ni wafanyakazi, ambao hujifunza kwa haraka wakiwa na foleni ya kweli mbele yao. Sababu ya tatu ni ahadi. Asiyetangaza hajaahidi kitu, na mashine ikikwama hakuna anayedai fedha zake kwa kuwa hakuna aliyeambiwa kwamba ingekuwa wazi.

Hapo ndipo panapofunua maana ya jambo zima. Siku ya mlango ni siku ya majaribio, na aliyepo siku hiyo ni sehemu ya majaribio hayo, apende asipende. Kwenye bustani ya michezo si vibaya, kwa sababu kuna mambo 3 yanayomlinda mgeni. Anajua kwamba ni majaribio, kwa kuwa wafanyakazi wanamwambia mlangoni kwamba mashine inaweza kusimama wakati wowote. Anaweza kukataa na kwenda kununua aiskrimu. Na jioni anarudi nyumbani kwake, na nyumba yake iko palepale alipoiacha asubuhi.

Majaribio ya namna hiyo yamefanyika pia Afrika ya Mashariki, katika vitu vyenye maana zaidi kuliko michezo. Mabasi ya mwendokasi ya Dar es Salaam yalianza kubeba abiria tarehe 10 Mei 2016. Rais John Magufuli aliyazindua rasmi tarehe 25 Januari 2017, baada ya watu wa Kimara kuyapanda kwa zaidi ya miezi 8. Barabara ya juu ya Nairobi, yenye urefu wa kilometa 27, ilifunguliwa kwa majaribio tarehe 14 Mei 2022. Rais Uhuru Kenyatta aliizindua tarehe 31 Julai mwaka uleule. Katika siku za mwanzo za majaribio gari moja lililokwenda kwa kasi liligonga kituo cha malipo cha Mlolongo, na video yake ikaenea kote. Hata hivyo, wenye magari wa Nairobi walikuwa wametangaziwa kwamba barabara ni ya majaribio, na asiyetaka kupita juu alikuwa na barabara ya zamani chini.

Kujua, kukataa, kurudi nyumbani: hayo ndiyo mambo 3 ya kuulizia kila mahali ambapo mlango unafunguliwa kabla ya utepe.

Kolwezi: mlango ndani ya kiwanja

Huku Lualaba, kinachofunguliwa ni mgodi. Mgodi nao una siku zake mbili. Kiwanda cha Kamoa-Kakula, magharibi ya Kolwezi, kilipangwa kuanza katika robo ya tatu ya mwaka 2021. Shaba yake ya kwanza ilitoka tarehe 25 Mei 2021, mapema kuliko mpango, na uzalishaji wa kibiashara ukahesabiwa kuanzia 1 Julai. Kwa wenye hisa walio mbali, kuwahi ni habari njema. Kila mwezi uliookolewa ni faida. Kwa mwanakijiji aliye kando ya barabara, kuwahi kuna maana nyingine: malori na vumbi vinafika kabla ya tarehe aliyokuwa ameiweka akilini.

Kasulo ni hadithi ya namna nyingine. Ni kartie ya Kolwezi yenye nyumba na viwanja vya watu. Mwaka 2014 mkaazi mmoja alichimba kwenye kiwanja chake akakuta madini ya kobalti. Hakukuwa na tangazo, hakukuwa na sherehe. Habari ilienea kutoka mdomo hadi mdomo, na katika muda mfupi mashimo yalitobolewa ndani ya nyua, chini ya vyumba, karibu na njia. Mgodi ulikuwa umefunguliwa bila mtu yeyote kuufungua. Waliokuwa na kiwanja walipata chochote, na waliokuwa wapangaji waliona ardhi inatikisika chini ya vitanda vyao.

Utepe wa Kasulo ulikuja mwaka 2017. Serikali ya jimbo iliamua kuweka utaratibu, sehemu ya kartie ikapewa kampuni ya CDM, familia zikaondolewa, ukuta ukajengwa kuzunguka eneo, na wachimbaji wa mikono wakaingia kwa mlango mmoja unaolindwa. Katika karatasi, mgodi huo umezaliwa 2017. Katika kumbukumbu ya wakaazi, umezaliwa 2014. Kati ya tarehe hizo mbili kuna miaka 3 ya nyumba zilizopasuka, watu waliozikwa na udongo, fedha zilizopatikana na fedha zilizopotea. Anayeanza kuhesabu kwenye 2017 hayaoni hayo yote.

Cité Gécamines nayo ina historia yake. Ni mtaa uliojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa kampuni ya serikali, wenye maji, umeme na shule, na watu wengi huko walinunua nyumba zao. Pembeni yake uko mgodi wa COMMUS, uliofunguliwa upya mwaka 2015. Septemba 2023 Amnesty International na shirika la IBGDH la hapahapa Kolwezi walitoa ripoti juu ya kuhamishwa kwa watu kwa ajili ya migodi ya shaba na kobalti. Wakaazi waliwaeleza wachunguzi kwamba hawakushauriwa inavyotakiwa, na kwamba habari za kuondoka ziliwafikia pale alama nyekundu zilipochorwa kwenye nyumba. Wengi walisema fedha walizopewa hazikutosha kununua nyumba inayofanana na ile waliyoiacha.

Sasa yaulizwe yale maswali 3. Je, walijua? Wengi waliijua siku ya rangi. Je, wangeweza kukataa? Mtu hawezi kwenda kununua aiskrimu huku mlipuko wa baruti ukitikisa bati lake. Je, jioni walirudi nyumbani? Kwa aliyehamishwa, hilo halihitaji jibu.

Kwa hiyo ubaya hauko katika kufungua mapema kwenyewe. Bustani ya Florida ilifungua mapema kwa utulivu ili kumlinda mgeni na aibu ya 1955. Ubaya uko pale ambapo majaribio yanafanywa juu ya mtu asiyejua kwamba anajaribiwa, kisha sherehe inapofika, historia inaandikwa kana kwamba kabla ya utepe hapakuwa na kitu.

Tarehe inayolipa na tarehe isiyolipa

Suala hili la tarehe si la wasomi tu. Katika kila mpango wa kuhamisha watu kuna siku moja inayoitwa tarehe ya mwisho ya kuhesabiwa. Aliyekuwepo kabla ya siku hiyo anaandikwa na kulipwa. Aliyefika au aliyejenga baada ya siku hiyo anaweza kukosa. Kanuni namba 5 ya SFI, tawi la Benki ya Dunia linalokopesha makampuni, inataka tarehe hiyo iandikwe vizuri na itangazwe katika eneo lote la mradi. Nchini Kongo, sheria ya migodi ilirekebishwa Machi 2018, na kanuni zake za Juni 2018 zina kiambatisho cha XVIII kinachohusu kuhamisha, kulipa fidia na kuwapa makao mapya watu wanaoguswa na miradi ya migodi.

Maana yake ni kwamba tarehe inaweza kujenga nyumba au kuibomoa. Familia inayodai kwamba ukuta wake ulipasuka kwa milipuko itaulizwa: lini? Kampuni ina daftari la milipuko, ina picha za satelaiti, ina barua zenye mihuri. Familia ikijibu kwamba "ni zamani kidogo, wakati wa mvua," imekwisha kushindwa kabla ya kuanza. Na kama kampuni itasema kwamba kazi ilianza siku ile ya sherehe, nani atasema kwamba malori yalikuwa yakipita miezi mingi kabla?

Hapa ndipo wapenzi wa bustani za michezo wanapoweza kuwafundisha watu wa Lualaba jambo moja lenye faida. Watu hao wana ari ya ajabu. Kizuizi kikiondolewa kwa saa moja tu, yupo anayeandika siku, saa na dakika, anapiga picha, anaeleza nani aliingia na lini kilirudishwa. Ndiyo maana inawezekana leo kujua kwamba sehemu fulani ya bustani ilipitwa na watu siku kadhaa kabla ya tarehe rasmi. Kampuni haikuitangaza siku hiyo. Wageni ndio walioiweka. Wanafanya hivyo kwa mchezo, na hakuna nyumba inayotegemea tarehe zao.

Kwa familia zilizo karibu na mgodi, au zilizokwisha kuhamishwa na bado zinadai, kazi hiyohiyo ina uzito mwingine, na haihitaji mashine za gharama. Daftari la shule la kurasa 48 linatosha. Ndani yake huandikwa siku walipokuja wapima ardhi na vigingi vyao. Siku lori la kwanza lilipopita na lilikotoka. Siku ya mlipuko wa kwanza na saa yake. Siku ufa ulipoonekana ukutani, na picha ya simu yenye tarehe. Siku ya mkutano, jina la ofisi iliyouita na maneno yaliyosemwa. Shefu wa kartie akiweka sahihi chini ya ukurasa, ni bora zaidi. Majirani wawili wakiweka sahihi zao, ni bora tena.

Na kwa waliokwisha kuondoka, kumbukumbu bado zipo, zimetawanyika tu. Risiti za zamani za SNEL zina anwani na mwezi. Kadi ya ubatizo inataja parokia na tarehe. Kadi ya chanjo ya mtoto ina muhuri wa kituo cha afya cha mtaa ambao leo ni shimo. Ripoti ya shule inaonyesha mwaka ambao mtoto alisoma pale. Picha ya harusi inaonyesha ukuta ukiwa mzima, na nyuma yake huenda kuna mwembe ambao haupo tena. Karatasi hizi zikikusanywa mahali pamoja, zikapigwa picha na nakala zikawekwa kwa ndugu wa mji mwingine, zinakuwa historia ambayo hakuna mkasi unaoweza kuikata.

Wazee waliokuwa watoto wakati maji ya Nzilo yalipopanda wanazidi kupungua. Kila familia yenye mzee wa namna hiyo inaweza kumuuliza wiki hii, na kuandika jibu kwa tarehe: maji yalifika wapi kwanza, katika msimu gani, nani aliwaambia, na kama hakuna aliyewaambia, basi liandikwe hilo pia.